Fomu Moja, Nchi Mbili

Biharamulo,
12 Januari 2025

Mdogo wangu Ildefonce,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaiandika: marahaba. Pole na upweke wa hapo Mabawe tangu mke wako atutoke. Sisi huku hatujambo. Mbuzi amezaa mapacha, paa la jiko linavuja upande uleule wa mwaka jana, na paroko mpya anaimba vibaya mno, lakini kwa kuwa anahubiri kwa kifupi tumemsamehe.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unajua tulivyokubaliana. Mimi na wewe hatubishani tena kwenye simu tangu siku ile salio langu lilipokwisha nikiwa karibu kukushinda, ukaenda kutangaza kwamba nimekosa la kusema. Barua haiishiwi salio. Elick wa lori la ndizi amekubali kuwa posta yetu.

Sasa sikiliza. Deodata wetu amepata ufadhili wa kusoma nje! Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja na ndoo wakidhani kuna moto. Ningependa marehemu kaka yetu Ndizeye na mkewe wangekuwepo waone binti yao. Shirika linasema achague nchi moja kati ya India na China, na fomu isainiwe na walezi wawili, nao ni mimi na wewe, maana hakuna wengine waliobaki. Mwisho ni tarehe 31 Mei. Fomu ni hii hapa ndani, ni moja tu yenye muhuri, usiiwekee kikombe juu. Anataka kusomea mambo ya maji, sijui ndiyo mabomba.

Kwenye nafasi ya nchi nimekwisha kuandika India, ili nikupunguzie kazi. Joyness wangu yuko huko mwaka wa sita huu na hospitali anayofanyia kazi ina ghorofa nyingi kuliko nyumba zote za mtaa wetu zikipangwa moja juu ya nyingine. Watu wetu wakiumwa moyo wanapelekwa India. Treni zao zinabeba matajiri na maskini, nauli ndogo, na muuza chai anapita ndani ya behewa akiimba. Wewe tia sahihi tu.

Ni mimi dada yako asiyekosea,
Marsiana


Mabawe, Ngara,
9 Februari 2025

Dada Marsiana,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na lile goti lako halijambo pia. Huku mvua ni nzuri na maharage yamekubali. Bomba la kijiji linatoa maji siku mbili kwa wiki, siku tano linatoa upepo. Lakini mwenyekiti amesema upepo ni dalili kwamba maji yanakuja.

Nimefurahi kuhusu Deodata mpaka nikakosa usingizi wa mchana. Nimeisoma fomu kwa makini, kama bwana shamba mstaafu anavyopaswa kusoma karatasi ya serikali. Nikakuta kosa moja kwenye nafasi ya nchi. Nimelifuta kwa ile rangi nyeupe ya kufutia makosa, nikasubiri ikauke, nikaandika China. Nakurudishia uanze wewe kutia sahihi, kwa kuwa ndiwe mkubwa.

Dada, umewahi kusikia treni ya kilomita mia tatu kwa saa? Mwanangu Clever anasomea reli hukohuko, anaipanda kama sisi tunavyopanda baiskeli. Nimepiga hesabu. Kutoka Ngara hadi kwako ingekuwa chini ya nusu saa. Ningeondoka hapa nimebandika chai, nikakusalimu, tukabishana, nikarudi kabla haijachemka. Ametuma picha ya daraja ambalo mawingu yako chini yake! Niliipeleka kwa Bigirimana, pale tunapokunywa urwagwa, pombe yetu ya ndizi, baada ya misa, wazee wakapokezana simu mpaka ikajaa harufu ya ndizi. Mzee Nkeshimana aliuliza kama aliyejenga daraja hilo ni mtu aliyezaliwa na mwanamke.

Na huko hakuna mwombaji wala muuza mchicha anayepokea noti. Kila kitu ni simu. Sasa niambie, hao wa India na muuza chai wao wanakwenda wapi?

Mdogo wako,
Ildefonce


Biharamulo,
23 Februari 2025

Ildefonce mtoto wa mama yangu,

Marahaba. Sisi wazima. Pacha mmoja wa mbuzi amekula kurasa za kitabu cha nyimbo, sasa kwaya inaruka ubeti wa pili.

Barua yako niliisoma kwenye jumuiya, maana unajua hapa kwetu barua ya ukoo inasomwa mbele ya watu baada ya rozari. Ni vurugu gani umeleta! Jumuiya imegawanyika. Kuna watu wa India wanaokaa upande wa dirisha, na watu wa China upande wa mlango. Adelfina jirani yangu, niliyempa mbegu, niliyemlelea watoto, amehamia China kwa sababu ya picha ya daraja. Alikuja jana kuomba chumvi nikamwambia akaombe Beijing.

Treni ya kilomita mia tatu anayekimbia nayo anamkimbia nani? Joyness anasema amesikia kwamba huko China kuna vijiji vimebaki na bibi na wajukuu tu, wazazi wote wamekwenda mijini kwenye viwanda, wanarudi mara moja kwa mwaka, sikukuu. Barabara ni ya lami, umeme upo, na bibi yuko peke yake mlangoni. Na simu zao, mtoto akitaka kumsalimia shangazi yake kwenye WhatsApp mpaka apite njia za panya! Ndiyo maana Clever wako kimya. Anarudi lini huyo mtoto?

India watu wana midomo yao. Barabara ikiwa mbovu wanakaa katikati ya barabara hiyohiyo wakiimba mpaka mkubwa atoke ofisini. Hata wewe ungewafaa.

Nimeifuta China. Nimeandika India kwa herufi kubwa. Tia sahihi, acha utoto.

Marsiana


Mabawe,
20 Machi 2025

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa, Elick lori lake lilikuwa na matatizo. Maharage tumevuna. Ng'ombe wa Bigirimana ameingia kanisani wakati wa matoleo, akatoa.

Leo nakuomba ukae kwenye kiti kabla ya kuendelea kusoma. Umekaa? Nimeuliza watu wanaojua. Huko India, dada yangu, binti akiolewa, wanaotoa mahari ni UPANDE WA BINTI. Sheria imekataza zamani sana lakini watu wanaendelea kimyakimya, na binti ambaye kwao hawakutoa cha kutosha anaweza kuteswa na wakwe. Niliposema hivi kwa Bigirimana, pombe ilisimama midomoni. Mzee Nkeshimana aliniuliza mara tatu, akadhani nimelewa. "Yaani wewe unalea binti, unamsomesha, halafu unampeleka na ng'ombe juu?" Manirakiza, mwenye mabinti saba, alitoka nje akaenda kupunga hewa.

Fikiria Deodata amempenda kijana wa huko. Wewe na mimi tungefunga safari na ng'ombe wetu, tuvuke bahari, tuwakabidhi watu wasiojua hata kuwaita kwa majina!

Ila China wanaume wamezidi, wanawake wachache. Kijana hapati mke mpaka awe na nyumba, gari, na mahari ya kutoa macho. Hao ni watu wenye akili, tunaelewana nao. Sisemi kwamba hawana shida. Clever anasema siku nyingine hewa ni nzito mpaka unaona jua kama kiini cha yai bovu. Lakini hata miji ya India ni hivyohivyo, kwa hiyo moshi tuuweke kando, ni sare.

Nimeandika China. Safari hii nimetumia kalamu ya wino mzito.

Goti lako umenyamaza nalo. Joyness amesema nini kuhusu goti?

Ildefonce


Biharamulo,
17 Aprili 2025

Ildefonce,

Marahaba, na Pasaka njema kabla ya wakati.

Barua yako ya mahari ilinimalizia watu wote wa upande wa dirisha. Nimebaki na mzee Wiston, naye ni kiziwi.

Lakini siandiki kwa ajili hiyo. Ule wino wako mzito haukufutika kwa rangi nyeupe. Nikachukua wembe, nikakwangua taratibu, nikakwangua tena, na karatasi ikatoboka. Pale pa kuandika nchi sasa kuna tundu. Nimechungulia nikamwona kuku anapita upande wa pili.

Nilimwita Deodata nikamwonyesha. Alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka, tukashikana. Halafu akaacha kucheka kabla yangu. Akasema, "Shangazi, zimebaki siku arobaini na nne," akachukua ndoo akaenda kuchota maji.

Baada ya sikukuu nampeleka kwenye ofisi ya shirika tukaombe fomu nyingine. Nitasema ni mbuzi. Mungu anisamehe, na mbuzi anisamehe.

Dada yako


Mabawe,
1 Mei 2025

Dada,

Shikamoo. Huku tuko salama.

Elick ameniambia unatembea na fimbo tangu Kwaresima. Barua tano tumeandikiana, umenieleza habari za mbuzi, za paroko, za chumvi ya Adelfina, na fimbo hukuitaja hata mara moja. Anasema pia kisimani anakwenda Deodata peke yake, asubuhi na jioni.

Sitaki kusema habari za China leo. Kama kuna jambo, niambie.

Ildefonce


Biharamulo,
13 Mei 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Elick ana mdomo mrefu kuliko lori lake.

Ndiyo, ni fimbo. Goti limekataa. Joyness sijamwambia, kwa kuwa angelia kwenye simu na mimi sipendi kulia kwa gharama.

Ngoja kwanza nikuchekeshe, maana tangu jana sijapumzika kucheka. Deodata amewatafuta binamu zake wote wawili bila kutuambia. Joyness, binti yangu niliyembeba tumboni, mwenyekiti wa chama cha India duniani, amemwambia hivi: "Nenda China, mdogo wangu! Huku joto linakausha mate, kiangazi tunapanga foleni ya maji kwenye gari la tangi na ndoo zetu kama Biharamulo, na treni ikisema saa mbili inakuja saa sita." Na Clever wako? "Nenda India! Huku treni inafika kwa sekunde lakini nimekaa miaka minne na jirani yangu hajui jina langu, tunasoma mpaka tunaota namba. India watu wanaongea, hata ukipotea unapotea na wenzako."

Ildefonce, watoto wetu wamebadilishana kambi! Sisi tumepigania nchi ambazo wenyewe wanataka kuzihama! Niliisimulia kwenye jumuiya, watu wa mlangoni wakakimbilia dirishani, wengine wakageuka kurudi mlangoni, wakagongana katikati. Mzee Wiston aliuliza kama misa imekwisha.

Walipotulia, Deodata akasimama. Unajua haongei mbele ya watu. Akasema, "Wazee wangu, tangu Januari nimesikia treni, madaraja, mahari na WhatsApp. Mimi nataka kusoma maji. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ni wapi wanafundisha maji vizuri." Akakaa. Nyumba nzima tulitazama miguu yetu.

Basi na mimi niseme langu. Ile mara ya Februari, fomu ilikaa kwangu siku nyingi bila sababu. Niliiweka chini ya gunia la maharage. Na wembe ule, sikuuhitaji sana. Naipenda India kwa sababu ya Joyness, lakini nilikuwa napigana kwa sababu tukiwa tunapigana msichana bado yuko jikoni kwangu anapika ugali na kuniimbia. Joyness alikwenda kwa miaka mitatu, huu ni wa sita. Nikapiga hesabu. Nina aibu, Ildefonce. Nilimlea Deodata ili asome, halafu nimemkalia kama gunia.

Fomu mpya hii hapa. Waliuliza kuhusu mbuzi, wakacheka, wakatupa. Zimebaki siku kumi na nane. Mimi nimekwisha kutia sahihi. Nchi sijaandika chochote, naogopa mkono wangu.

Marsiana


Mabawe,
19 Mei 2025

Dada yangu Marsiana,

Shikamoo, na pole sana na goti.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilicheka kuhusu Clever mpaka Bigirimana akaja kuona kama nimeanza kunywa peke yangu. Kisha nikafika kwenye gunia la maharage.

Lori la Elick halikuharibika mwezi Machi. Lilipita hapa mara mbili, likapiga honi, nikajificha nyuma ya nyumba kwenye migomba. Mtu wa miaka sitini na sita, aliyepata cheti cha utumishi bora, nimechuchumaa kwenye migomba nikisubiri lori liondoke! Fomu ilikuwa mfukoni.

Uliniuliza Clever anarudi lini, nikanyamaza. Hajui, dada. Mama yake tulimzika yeye akiwa kwenye simu ya jirani, picha inakatika. Reli zote hizo za ajabu, na hakuna hata moja iliyomfikisha Mabawe siku ile. Kwa hiyo usidhani niliandika China kwa moyo mweupe. Niliandika ili ukasirike. Tangu mke wangu aondoke, nyumba hii haina mtu wa kunijibu. Wewe ukikasirika unaandika kurasa tatu. Nilikuwa nazisoma jioni, nacheka peke yangu, nazisoma tena. Nikaona kwamba siku nitakayotia sahihi fomu, na barua zitakuwa zimekwisha. Ndiyo maana nilijificha kwenye migomba.

Sasa nimetia sahihi. Nafasi ya nchi nimeiacha wazi. Mpe Deodata kalamu yeye mwenyewe, umwambie baba yake mdogo anamwomba radhi, na kwamba popote atakapoandika ni hapohapo. Elick nimemwamuru asisimame njiani, hata kwa kununua nyanya.

Nakupenda, ingawa unakosea mara nyingi.
Ildefonce


Biharamulo,
14 Septemba 2025

Mdogo wangu Ildefonce,

Marahaba mara mbili, moja ya zamani. Goti linanipa siku moja nzuri kwa tatu. Adelfina ananichotea maji, tumepatana, chumvi nimempa kopo zima. Pacha wa mbuzi nimemwita Muhuri.

Ulimwona Deodata alipokuja kukuaga hapo Mabawe, kwa hiyo unajua alichoandika. Alishika kalamu muda mrefu, mimi nikageuka nitazame ukutani nisimharakishe. Aliandika China, kwa mwandiko mdogo, mzuri. Chuo chao kina masomo ya maji aliyoyatafuta tangu kidato cha tano. Alikuwa na karatasi imejaa maelezo, Ildefonce, alikuwa amesoma vyuo vya nchi zote mbili kimojakimoja wakati sisi tunahesabu ng'ombe.

Amepiga simu jana kwa njia za panya. Ameonyeshwa mfereji mkubwa waliouchimba kupeleka maji kutoka kusini mpaka kaskazini mwa nchi, anasema ukisimama ukingoni huamini ni kazi ya watu. Alikuwa anaongea kwa haraka, anacheka, maneno yanapandana. Kisha akauliza nimekula nini, nikasema ugali, akauliza nani kapika, nikasema mimi mwenyewe, na hapo salio likaisha. Nililia, na ilikuwa bure kwa sababu simu ilikuwa imekwisha kukatika. Nyumba ni kubwa mno. Jioni naweka sahani mbili, naondoa moja.

Lakini nisikilize sasa. Kuanzia barua hii mimi ni mtu wa China. Treni ya kilomita mia tatu ni yangu, daraja la mawinguni ni langu, na usiniletee tena habari za moshi. Nimekwisha kuwatangazia jumuiya nikakaa upande wa mlango. Wewe chukua India na Joyness wangu, chukua na muuza chai, na ujibu upesi, kurasa tatu, zenye hasira za kutosha. Hatuwezi kukaa upande mmoja, Ildefonce. Tukikubaliana tutaandikiana nini?

Dada yako,
Marsiana